Mungwana ni nani? Neno la kale na watu wa Lulimba

Nilifika Lulimba nikiwa na umri wa miaka minane. Tulikuwa tumetoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, nchini Tanzania, tukavuka Ziwa Tanganyika pamoja na wakimbizi wengine waliokuwa wakirudi, tukashuka Baraka, na baada ya siku chache tukapanda lori lililojaa magunia hadi nyumbani kwa wazazi wa baba. Mama mzaa baba alikuwa uani, ungo mapajani, akichagua maharagwe. Nilimsalimu kama nilivyofunzwa ng'ambo: "Shikamoo, bibi." Alicheka mpaka akauweka ungo chini. Katika Kiswahili chake bibi ni mke wa mtu. Mama mzaa baba ni koko. Halafu akamgeukia shangazi yangu, akasema: "Uyu mutoto ni mungwana."

Nilifurahi sana. Kule Nyarugusu kulikuwa na mama mmoja wa Kitanzania aliyeuza mihogo sokoni, naye aliniita hivyo kila niliposhukuru: "Mtoto muungwana huyu." Kwake neno hilo lilikuwa sifa ya adabu, kwa hiyo nilidhani koko amenisifu. Shangazi ndiye aliyenitoa katika furaha hiyo, jioni ileile. Kwa wazee wa kwetu, aliniambia, mungwana ni mtu aliyetoka ng'ambo, mwenye kusema Kiswahili cha kule, asiye wa hapa. Koko hakunitukana, ila hakunisifu pia. Alikuwa amenionyesha nilipo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika, nilikutana tena na neno hilo katika karatasi ya msamiati iliyogawiwa darasani. Lilikuwa na mstari mmoja tu: "mngwana, (la kale), Mwarabu, mgeni." Darasa lilipita juu yake kwa nusu dakika na kuendelea na neno lililofuata. Mimi sikuweza kuendelea. Koko yangu si Mwarabu, mimi si Mwarabu, na neno ambalo mtu ameitwa kwa mdomo wa koko yake mwenyewe haliwezi kuwa la kale kiasi hicho.

Ninaandika makala hii kuutetea mstari mrefu zaidi wa kamusi. Hoja yangu ni kwamba neno la kumwitia mgeni halituelezi sana mtu anayeitwa ni nani. Linatueleza anayeita amesimama wapi, na siku hiyo nani ana nguvu. Kamusi inayotoa tafsiri ya neno hilo bila kusema nani alimwita nani huwa imetoa nusu ya maana, na katika wilaya kama yetu ya Fizi nusu hiyo iliyoachwa ndiyo inayogharimu.

Tuanze na pwani, ambako neno lilizaliwa. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, muungwana alikuwa mtu huru, mtu wa mji, mwenye ukoo unaojulikana na dini inayoheshimika. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Kinyume cha pili, kwa mdomo wa watu wa mji, alikuwa mshenzi, yaani mtu wa bara. Maana ya adabu tunayoisikia leo Dar es Salaam, na ile methali isemayo muungwana ni vitendo, ilikua juu ya msingi huo: tabia njema ilihesabiwa kuwa mali ya mtu huru.

Misafara ya pembe na watumwa ndiyo iliyolivusha neno hadi kwetu. Njia mojawapo kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, ikavuka ziwa hadi Mtoa, ikapanda Kabambare, Kasongo, na kufika Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kabambare tunaijua sisi watu wa Lulimba. Lulimba ni njia panda: barabara ya kutoka Fizi kwenda Kalemie inapita pale, na kutoka pale kuna njia ya kuelekea magharibi, upande wa Kabambare. Waliosafiri na misafara hiyo, wapagazi kwa askari, walijiita na waliitwa Waungwana. Wazungu waliowaajiri, Stanley akiwa mmoja wao, waliandika neno hilo kama lilivyo.

Hapa pana jambo ambalo karatasi yetu ya msamiati ililiruka. Wengi wa Waungwana hao hawakuwa waungwana. Walikuwa watumwa wa watu wa Zanzibar na pwani, na baadhi yao waligawana mshahara wao na mabwana waliowaacha nyuma. Wengine walikuwa wameachwa huru juzi tu. Pwani hakuna mtu ambaye angewaita kwa jina hilo. Lakini walipovuka ziwa wakiwa na bunduki mabegani na kanzu mwilini, hakukuwa na mtu wa kuwauliza ukoo wao. Mtu aliyekuwa mtumwa Zanzibar akawa mungwana Kasongo. Vijana wa Maniema waliojiunga na misafara, kwa hiari au kwa kutekwa, wakavaa kanzu hiyohiyo, wakajifunza Kiswahili na wakawa Waungwana nao, ingawa mama zao walikuwa kijiji cha jirani.

Kwa hiyo neno lililomaanisha mtu huru wa mjini likaja kumaanisha, masikioni mwa wenyeji, mtu aliyekuja na msafara. Hakuna aliyekaa akaamua kulibadilisha. Lilibadilika kwa sababu waliolisikia walikuwa wengine, nao walikuwa wamesimama upande wa pili wa bunduki.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao unanigusa zaidi. Watu walewale wa Maniema walipopelekwa mashariki, au walipokwenda wenyewe, Ujiji na Tabora na Dar es Salaam hawakuitwa Waungwana. Waliitwa Wamanyema, yaani watu wa kule ng'ambo ya ziwa. Kariakoo hadi leo upo msikiti wenye jina la Manyema. Mtu mmoja, safari moja: akitazama magharibi ni mungwana, akitazama mashariki ni mmanyema, na pande zote mbili jina lake maana yake ni kwamba hapa si kwao. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktabani. Nyarugusu niliitwa Mkongo. Lulimba nikaitwa mungwana. Sikuwa nimebadilisha hata viatu.

Baada ya misafara ikaja dola ya Leopold wa Pili. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya dola hiyo. Miaka mitano baadaye vita vikaanza kati ya dola na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, na Kabambare mwaka 1894. Waungwana waliobaki hawakuwa tena na nguvu, lakini jina liliendelea kuishi. Watawala wa Kibelgiji walibuni tabaka lao katika makaratasi, wakawaita kwa Kifaransa kwa jina lenye maana ya watu waliofanywa Waarabu, na katika sehemu kadhaa wakawatenga katika vijiji vyao. Kiswahili chao nacho kikaitwa Kingwana. Mwaka 1928 Whitehead alichapisha kitabu cha kufundishia chenye jina hilo, naye akakieleza kuwa lahaja ya magharibi ya Kiswahili.

Tuliangalie hilo neno Kingwana kama wanaisimu. Kiambishi ki- kinatuonyesha lugha, na shina linatuonyesha wenye lugha. Maana yake ni lugha ya Waungwana, yaani, kwa wakati ule, lugha ya wageni. Leo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Sokoni Misisi hakuna anayemwona mtu mgeni kwa sababu anasema Kiswahili. Lugha ya wageni imekuwa lugha ya wenyeji, na wenyeji hao ndio leo wanaitumia kuulizana nani mgeni.

Mtu anaweza kusema kwamba hili ni jambo la kwetu, la historia yetu ya pekee. Si kweli. Kiingereza, ambacho wengi wetu tunakisoma hapa kitivoni, kina neno lake la kale la kuwaitia wageni, nalo lilipita njia kama hiyo, ila kwa kuelekea upande mwingine. Neno hilo ni wealh. Waangli na Wasaksoni walipoingia kisiwa cha Britania wakitoka ng'ambo ya bahari, waliwakuta watu wenye lugha zao, waliokuwa pale kwa vizazi vingi. Wakawaita wealh, yaani wageni. Waliokuja waliwaita wageni wale waliowakuta.

Neno halikuishia hapo. Katika sheria za mfalme Ine wa Wessex, za mwishoni mwa karne ya 7, kila mtu aliwekewa bei ya damu, yaani fedha ambazo ukoo wake ungelipwa akiuawa. Mtu huru wa kawaida wa Kiingereza alikuwa na bei ya shilingi 200. Yule aliyeitwa wealh, hata akiwa na shamba lake la kutosha kulisha nyumba moja, bei yake ilikuwa shilingi 120. Akiwa hana ardhi, shilingi 60. Baadaye katika maandishi ya Wessex neno wealh lilianza kutumika pia kwa maana ya mtumwa. Hivi ndivyo mwenyeji alivyogeuzwa mgeni, na mgeni akageuzwa mtumwa, ndani ya neno moja.

Leo neno lenyewe limekufa, lakini mifupa yake imetapakaa. Ndilo lililozaa jina la nchi ya Wales, ambayo watu wake hujiita Cymry kwa lugha yao. Limo ndani ya jina la Cornwall. Limo katika jina la Kiingereza la tunda la jozi, ambalo asili yake ni kokwa ya kigeni. Na jamaa yake, kutoka shina lilelile la Kijerumani cha zamani, ndilo lililowapa jina Wawaloni wa Ubelgiji. Naomba msomaji alitafakari hilo kidogo. Baadhi ya maofisa waliokaa Kasongo na Albertville, wakigawa watu katika daftari kuwa wenyeji na wageni, walikuwa wenyewe wakibeba jina ambalo jirani zao waliwapa kwa maana ya wageni, nao walikuwa wamelizoea kiasi cha kulifanya fahari yao.

Tukiyaweka maneno haya mawili pamoja tunaona kitu ambacho neno moja peke yake lisingetuonyesha. Wealh lilianza kwa maana ya mgeni likashuka hadi mtumwa. Mungwana lilianza kwa maana ya asiye mtumwa, likavalishwa watumwa, likaishia kuwa mgeni. Moja limeteremka na jingine limezunguka, lakini usukani wa yote mawili ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja: yule aliyekuwa na nguvu ya kutaja. Asili ya anayetajwa, nani alifika kwanza, nani alizaliwa wapi, haikuamua lolote. Kama ingeamua, watu wa Wales wasingeitwa wageni katika nchi yao.

Nije sasa kwa neno tunalolitumia kila siku, mgeni. Hili halikuletwa na msafara. Shina lake ni la Kibantu cha kale na jamaa zake wameenea: Waganda husema omugenyi, Wagikuyu mũgeni, Wabemba wa Zambia umweni, Waluba muenyi. Popote lilipo, mara nyingi hubeba maana mbili kwa pamoja: mtu tusiyemjua, na mtu tunayempokea. Methali zetu zimekaa juu ya mshono huo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukiitazama vizuri hii ya pili, haisemi mfukuze. Jembe ni kazi, na kazi ni shamba, na mwenye shamba si mgeni tena. Methali imempa mgeni siku mbili za ugeni, kisha imemwonyesha mlango wa kuutoka.

Lugha nyingine zimeukata mshono huo. Katika Kilatini maneno mawili, la adui na la mwenyeji anayekaribisha, yana shina moja, na Waingereza wamelipata neno lao la mgeni wa nyumbani kutoka shina hilohilo. Lakini leo mtu anayesema Kifaransa ana neno moja kwa mtu wa kigeni na jingine kwa mtu aliyealikwa, na hayachanganyi. Sisi tulikuwa na neno moja. Nasema tulikuwa, kwa sababu nadhani tumeanza kulikata wenyewe bila kujua.

Linakatwa hivi. Sheria zetu zinaandikwa kwa Kifaransa. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 inamtaja Mkongo kuwa ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya nchi hii wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Asiyekuwa Mkongo anatajwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mtu wa kigeni tu, bila harufu ya chakula wala mkeka. Redioni, kwenye mikutano na kanisani, neno hilo linatafsiriwa mgeni. Tafsiri si kosa, kamusi zinaikubali. Lakini kila mara inapofanyika, maana ya kisheria inaingia katika mgeni na maana ya mkeka inasukumwa nje. Sasa unaweza kusikia mtu akisema "bageni barudi kwabo" kwa neno lilelile ambalo mama yake hulitumia akiagiza kuku achinjwe.

Fizi hili si zoezi la darasani. Tangu mwaka 2017 mapigano katika nyanda za juu za Fizi, Uvira na Mwenga yamechoma vijiji vya watu wa kila kabila. Sina nia ya kuhukumu mgogoro huo katika makala ya wanafunzi. Nataka tu kuonyesha jinsi maneno yanavyofanya kazi ndani yake. Jina Banyamulenge limejengwa kwa kiambishi chenye maana ya watu wa, pamoja na jina la mahali, Mulenge, katika wilaya ya Uvira. Wenyewe walilichagua ili kusema kwa neno moja kwamba wana mahali hapa. Jirani zao wengi walijibu kwamba jina hilo ni jipya, na upya wake ukafanywa ushahidi kwamba wenye jina nao ni wapya. Kama mwanaisimu siwezi kuikubali hoja hiyo. Umri wa jina si umri wa watu. Jina Wallonie lilienea katika karne ya 19 tu. Wawaloni hawakuota mwaka huo. Kwa upande mwingine, siwezi pia kumwambia Mbembe kwamba hofu yake ya kupoteza ardhi ni suala la msamiati. Wabembe wenyewe wanasimulia safari za mababu zao, na lugha yao ni jamaa ya Kilega. Kila ukoo katika nchi hii una siku yake ya kwanza. Tofauti ni nani bado anaulizwa habari za siku hiyo.

Na Lulimba watu hawajaacha kufika. Dhahabu ya Misisi imeleta wachimbaji kutoka Bukavu, Maniema na mbali zaidi. Vita vimeshusha watu kutoka milimani. Warundi waliokimbia nchi yao tangu mwaka 2015 wamewekwa Lusenda na Mulongwe, karibu na ziwa. Na sisi tuliorudi kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2005 tulikuja na shikamoo zetu. Nimemsikia kijana, ambaye baba yake alizikwa Lulimba na babu yake pia, akikatazwa kusema katika kikao cha shamba la familia kwa maneno haya: "Uyu ni mutu wa Nyarugusu." Alikuwa amezaliwa kambini kwa sababu mama yake alikimbia akiwa mjamzito. Kikao kilimsikiliza aliyemkatiza, na kijana akakaa chini. Hakuna aliyebisha kuhusu ukoo wake, ambao wote waliujua. Kiswahili chake tu ndicho kilichomhukumu: alikuwa amesema "watu" badala ya "batu".

Najua jibu nitakalopewa, kwani nimeshapewa na wenzangu chumbani. Watasema kwamba watu wanagombana kwa sababu ya ardhi, ng'ombe, dhahabu na uchifu, na kwamba hata tukiandika kamusi nzuri namna gani, bunduki haisomi kamusi. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Sidhani kwamba neno linaanzisha vita. Lakini mfalme Ine hakuhitaji vita ili kuweka bei mbili za damu. Alihitaji neno ambalo kila mtu alikuwa ameshalizoea. Katika kikao kile cha shamba hakukuwa na bunduki. Kulikuwa na neno moja la mahali na wazee saba waliolikubali. Mambo mengi ya maisha yetu huamuliwa katika vikao kama hivyo, kabla bunduki haijafika, na huko ndiko sisi watu wa lugha tuna la kufanya.

La kwanza liko ndani ya uwezo wetu kabisa. Kazi za msamiati wa lahaja tunazozikusanya kila mwaka zisiishie kwenye mstari mmoja. Kwa kila neno la kumwitia mtu wa nje, tuandike mambo manne: nani hulitumia, humwita nani, anayeitwa hujiita nani, na neno lilikuwa na maana gani kabla ya hapo. Mungwana likiandikwa hivyo litajaza nusu ukurasa, na mwanafunzi atakayelisoma ataona mtumwa wa Zanzibar, kijana wa Maniema na mtoto wa Nyarugusu wakikaa ndani ya neno moja kwa zamu. Hataweza tena kuamini kwamba mgeni ni aina ya mtu.

La pili, tuache haraka ya kuandika "la kale". Neno linaitwa la kale pale ambapo sisi wa mjini tumeacha kulisikia. Kuna wazee Lulimba, Kasimia, Kabambare na Kasongo wanaolitumia leo, na kila msimu wa mvua tunapoteza baadhi yao. Simu nyingi tulizo nazo zinarekodi sauti vizuri. Likizo ijayo mwanafunzi anayekwenda nyumbani anaweza kuuliza swali moja tu: watu waliokuja hapa mkiwa wadogo, mliwaitaje? Akileta majibu kumi tutakuwa na kazi ya mwaka mzima.

La tatu ni kwa wenzetu wa ukalimani na tafsiri. Mnapokutana na neno la Kifaransa la sheria, msilikimbilie mgeni. Kiswahili kina njia ya kusema mtu asiye raia, au raia wa nchi nyingine. Ni maneno marefu zaidi, na mtangazaji atalalamika, lakini yanasema jambo la sheria na kuliacha lile la mkeka lilipo.

Mimi mwenyewe nililiuliza swali hilo likizo iliyopita. Koko sasa haoni vizuri, na maharagwe huchaguliwa na wajukuu wengine. Nilimkumbusha siku niliyofika, nikamuuliza mungwana ni mtu gani hasa. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba koko yake yeye alikuwa akiwaita hivyo watu wenye kanzu waliopita na mizigo. "Mutu mwenye alikuya na ziwa," alisema. "Na wewe ulikuya na ziwa." Nikamuuliza kama hadi sasa mimi ni mungwana. Akanijibu kwa swali: nimekwisha kulima shamba la baba yangu au bado?

Nilikuwa nimelilima kwa misimu sita kabla ya kuja chuoni, naye alilijua hilo. Nimeliandika jibu lake katika daftari langu la msamiati, chini ya neno mungwana, pamoja na tarehe na jina la kijiji.